Mtangazaji wa Msikilizaji Mmoja

Kazi yangu hapa Brussels ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa, na kusikiliza habari ambazo watoto wao wamechoka kuzisikia. Kwa muda mrefu nilimtunza Mwairishi mmoja huko Jette, orofa ya tatu, katika nyumba iliyonuka sigara na supu ya vitunguu. Alinitaka mimi kwa sababu najua Kiingereza. Nilijifunza Uganda, kambini, tulipokimbia vita Kivu, na wakati ule hakuna aliyeniambia kwamba siku moja kitanifaa kwa kutangaziwa mpira.

Mzee huyu alikuwa mtangazaji wa michezo. Kwao, alisema, kulikuwa na miaka ambapo hakuweza kuomba mkate dukani bila watu kugeuka. Sura yake hawakuijua, sauti waliijua. Alianza akiwa mtoto wa shamba, akitangaza mbio za ndama kwa kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa hadhira yote na mkosoaji mkali. Kisha akaandikia gazeti dogo la mjini kwao, kisha redio ikamchukua: farasi, ndondi, na zaidi ya vyote ule mchezo wao wa fimbo na kampira kagumu, ambao kwa macho yangu ni vita vyenye refa. Alizunguka dunia na kipaza sauti. Mkewe alikuwa mkalimani hapa Brussels, na yeye alipostaafu akamfuata. Mke akafa, yeye akabaki kwa sababu kaburi liko hapa. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alimkataza sigara, mimi nikazificha, yeye akazipata. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilimwita papa, yaani baba, kama tunavyowaita wazee wetu, naye akajifunza kuniita maman, ingawa angeweza kunizaa.

Kila Jumapili ya mechi nilimkuta ameshanyoa ndevu na kuvaa tai. Alizima sauti ya televisheni, akaweka simu mezani, akafungua spika, akapiga Ireland. Kaka yake alikuwa katika makao ya wazee huko, sukari imemla macho yote mawili. Nesi alimwekea simu kitandani, na mdogo mtu akaanza kutangaza. Mzee aliyeshindwa kufika chooni bila kushika ukuta alikaa wima, na sauti ikatoka changa, ikapanda na kushuka, mpaka mimi nisiyejua fimbo ile inashikwaje nikajikuta nasimama na kijiko mkononi. Kaka alijibu kwa kuguna, kucheka, na kumtukana refa. Redio haimtoshi kipofu kama kaka yake, alisema papa. Inatangaza kwa kila mtu, na mtu anayetangaziwa pamoja na kila mtu ni kama hatangaziwi.

Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye Anderlecht, hakupenda nikose ibada ya Jumapili.

"Dimanche ni ya Mungu," aliniambia. "Donc weye unaacha kanisa, unaenda kusikiliza muzungu anasemesha telefone? Bon. Utamuelezea Mungu weye mwenyewe."

"Yaya, Mungu anajua mi niko ku kazi," nilimjibu. Lakini ukweli ni kwamba hata bila kazi ningekwenda.

Simu ile ilikuwa na tabia ya kukatika sauti upande wa makao. Ghafla kimya, hakuna kuguna, kisha baadaye sauti ya kaka inarudi: "Tumefika wapi?" Mara moja laini ilikatika na timu ya jimbo lao ikafunga goli katikati ya kimya hicho. Kaka alikasirika, akanuna wiki nzima, kwa kuwa jimbo lao ni ng'ombe wa maskini, hazai, na goli kama lile halipatikani kila siku. Basi wawili hao wakawekeana sharti: kaka akinyamaza, hakuna goli litakalotangazwa mpaka arudi. Magoli yatawekwa akiba, kisha yatatangazwa kana kwamba yanafungwa sasa hivi.

Kwa papa hilo halikuwa jambo geni. Katika miaka yake ya kwanza redio haikuweza kumsafirisha, kwa hiyo alitangaza akiwa studio, kwa habari ambazo mwenzake alimpigia kutoka uwanjani. Mwenzake akinyamaza, yeye hakuruhusiwa kunyamaza. Alitoa mpira nje, akamuumiza mchezaji goti, akaingiza mbwa uwanjani. Chochote, ila goli, maana goli ukishalitoa hulirudishi. Aliniambia mbwa huyo ndiye aliyemlisha yeye miaka mingi, tukacheka sana.

Jumapili ninayoisema ilikuwa ya mvua. Jimbo lao lilikuwa limefika mbali kuliko lilivyowahi kufika tangu ndugu hawa wakiwa vijana, na papa hakugusa chakula. Nesi alipokea, akasema harakaharaka kwamba mzee yupo, anasubiri, akaweka simu, akaenda. Papa akaanza. Upande wa pili kimya.

Akaita kaka yake kwa jina la utotoni. Kimya.

"Laini tena," akaniambia, na kwenye televisheni, wakati huohuo, jimbo lao likafunga.

Niliona mkono wake ukikunja kitambaa cha meza. Sauti haikutetereka. Mpira umetoka nje, alisema. Wanajadiliana nani aupige. Mchezaji mmoja anafunga kamba za kiatu.

"Papa, kata upige tena," nilimwambia kwa sauti ya chini.

Akatikisa kichwa. Akikata, nani ataipokea? Kaka haoni kitufe, na Jumapili nesi huwa mmoja kwa korido nzima. Basi akaendelea. Goli la pili likaingia, zuri hata mimi nililiona ni zuri, na papa akalitazama huku akieleza jinsi goti la mtu fulani linavyofungwa bendeji. Machozi yalimtoka kwa furaha, na alitabasamu kwangu kama mtoto aliyeficha zawadi. Alikuwa anayatunza. Kipindi cha pili goli la tatu likaingia na yeye akamwingiza mbwa. Mweusi, akasema, mwenye mkia mfupi, amempita refa, amewapita walinzi wote. Alimkimbiza mbwa yule uwanja mzima mpaka pumzi ikamwishia, nikampa maji, akanywa, akamkimbiza tena.

Nilianza kukasirika. Nilikasirikia makao yale na simu yao mbovu, nikakasirikia sharti lile la kitoto.

Kisha spika ikakwaruza. Papa akainuka nusu, tayari, uso unang'aa. Alikuwa ameshavuta pumzi ya goli la kwanza.

Alikuwa nesi. Alisema pole. Alisema kaka amefariki, sasa hivi, kwa utulivu.

Papa akauliza simu ilikatika saa ngapi.

"Haikukatika," alisema nesi. Kiharusi kilimpiga alfajiri, kikachukua ulimi. Alidhani ofisi ilishampigia ndugu. Yeye mwenyewe alitaka kuiondoa simu ili mgonjwa apumzike, lakini mzee aliishikilia sikioni kwa mkono uliobaki mzima, hakuiachia. Alikuwa msichana mwema yule, nilisikia analia. Alitaka kumfariji mtu, akatumia alichokuwa nacho.

"Alikusikia," akasema. "Kila neno, mpaka mwisho."

Papa akakaa. Nikamshika bega. Kwenye televisheni mechi ilikuwa imekwisha na watu wa jimbo lao walikuwa wakimiminika uwanjani, watu wazima wakikumbatiana kwenye matope bila sauti.

Nesi akauliza kama angependa simu irudishwe sikioni mwa kaka yake, amuage. Papa akasema ndiyo. Tukasikia shuka zikisogezwa, halafu hatukusikia kitu. Alisafisha koo, akanyoosha tai, akainamia simu. Nilimwombea ayatoe magoli, yote matatu, kwa ile sauti yake.

Hakutoa hata moja, maana kaka alikuwa hajarudi.