Siku Niliyogandisha Seva Mbele ya Wageni

Hata leo nikikumbuka nasikia uso unawaka, na msinionee huruma, aibu yenyewe nilijitafutia. Nilikuwa kibarua wa kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi hapa Kakamega, na barua ya kuniajiri kabisa ilikuwa mezani kwa Mkuu, inangoja sahihi tu.

Seva yetu ni moja lakini imegawanywa iwe kama kompyuta nyingi, na ndani yake kuna mgawa zamu, programu inayoamua nani atumie kichakataji sasa. Nikaiongezea kijisehemu cha uchunguzi: ukibonyeza kitufe, kinashika kufuli ya foleni ya kazi zinazosubiri, ambayo hushikwa na mmoja tu kwa wakati, na kukuonyesha foleni yote. Mwenzangu Mmbone akaniambia, "Zima kwanza kengele, zile ishara zinazokatiza kichakataji kazi, ndio ushike hiyo kufuli." Nikamjibu, "Aki Mmbone, mimi naonyesha tu, sibadilishi kitu." (Kiburi, jamani.)

Siku ya kujisajili mtihani, ukumbi umejaa wanafunzi, Mkuu akaingia na wageni wa bodi, akaniuliza, "Mbona hii mashini inakuanga pole hivi?" Ningesema tungoje wanafunzi wamalize, lakini wapi, nikabonyeza ili wageni wanione. Kumbe kengele ya mtandao ikalia katikati, kichakataji kikaacha kazi yangu kikaihudumia, na huduma hiyo ikataka kufuli ileile niliyoishika, nayo kazi yangu haiwezi kuiachilia kwa sababu imesimamishwa. Seva ikaganda, na skrini zote ukumbini.

"Ni stima imepotea, Mkuu," nikadanganya. Mkuu akatazama juu, feni inazunguka.

Nikawasha upya, na badala ya kutulia nikabonyeza tena kuhakikisha. Ikaganda tena, ikaenda na fomu zilizojazwa nusu. "Tumetoka Likuyani na giza, mnatuchezea!" msichana mmoja akapiga kelele. Mmbone akafungua kazi yangu, akasoma, akauliza polepole mbele ya wote, "Kwani hukuzima kengele?"

Mkuu aliniita ofisini akairarua barua mara mbili. Afadhali angenitukana.

Nilipofika nyumbani Malava jioni, mama alikuwa amechinja ingokho, kuku wa sherehe, maana asubuhi nilimpigia simu nikajigamba kwamba kazi nimepata. Akaniwekea imondo, ile firigisi anayopewa mwanamume mwenye heshima zake. Niliila. Nimeapa sitagusa tena seva yenye watu ndani, na sitatangaza barua ambayo sijaishika, lakini kiapo hakinisaidii kitu: mama hakuusikia ukweli kwangu, aliambiwa na watu wengine, Jumapili, kanisani.