Mjukuu wangu amekataa kuniahidi

Leo nimejaribu kumtega mjukuu wangu kwa kifo changu, nikashindwa.

Mnamjua Rehema. Ulaya kukiwa na baridi huenda huko kuteremka njia za barafu, kichwa mbele, kalala kifudifudi juu ya kigari kisicho na breki. Akirudi Sydney anashindana kwa pikipiki.

Mchana alikuja kuniona wodini hapa Westmead. Anachechemea tena.

Nikamshika mkono. Nikaifanya sauti yangu iwe dhaifu kuliko ilivyo. Hilo nalikiri.

"Mama, niahidi utaacha yote mawili, nife kwa amani."

Binti yangu, mama yake, akadakia: "Mwambie ndiyo basi! Unapungukiwa na nini?"

Siku zote Rehema hunijibu kwa Kiingereza. Leo alitumia Kiswahili, polepole, nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Hapana, Babu. Sitaacha. Wote hapa wanakudanganya kwamba utapona. Mimi sitaki kukudanganya."

Binti yangu akatoka nje kulia.

Nilitaka kukasirika. Nikajikuta namuuliza jambo ambalo sijathubutu kumuuliza mtu: ukiwa kule juu, kabla hujateremka, unaogopa?

"Kila mara."

"Sasa unafanyaje?"

"Nalegeza mabega. Ukikaza mwili, kigari kinagonga ukuta."

Alinibusu kipajini, akaondoka na mguu wake mbovu.

Tangu hapo nimelala nimelegeza mabega. Bado naogopa, jamani.

Msiniandikie kwamba nitapona. Niandikieni mnavyofanya ninyi mkiogopa.