Swichi Iliyosahau na Sahani ya Idi

“Na sahani yangu nayo mpaka leo hujanirudishia,” alisema Mwanapili. Makosa makubwa alikuwa amekwisha kuyataja yote, sasa alikuwa anateremka kwenye madogo.

Tobias, kijana wa mitambo wa hoteli, alikuwa ameegemea mlango wa stoo ya nyuma ya mkahawa, pale hoteli ilipoweka kabati la mitambo ya mtandao, pamoja na swichi inayougawa, kati ya magunia ya mchele na madebe ya mafuta. Alinyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma Mwanapili, maana kugombana peke yako kunachosha.

“Nakuuliza, Tobias. Swichi hii nimeipanga mwenyewe kabla ya Ramadhani. Mashine za kadi nikazipa njia yake, wageni njia yao, ofisi njia yao. Ikafanya kazi, hata wewe ukasifu. Leo naikuta kama ilivyokuwa kabla sijaipanga, njia zote zimechanganywa. Imejipangua yenyewe?”

“Mimi sijaigusa, Mama Yusra.”

“Nywila tunazo wawili tu, kila mtu na jina lake.”

“Najua.”

“Basi kama si mimi wala si wewe, ni jini?”

“Uliniambia nisiguse, sikugusa. Hata Jumamosi, wageni wamejaa mapokezi wananifokea, sikugusa. Nilikupigia simu.”

“Nilikuwa Mkwiro, nyumba ya marehemu shangazi. Simu pale unaishika ukipanda juu ya tangi la maji. Nipande tangi siku ya Idi na gauni jipya?”

Jumamosi hiyo ya Idi, stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi hadi baada ya alasiri. Jenereta ya hoteli ina maradhi yake, na siku hiyo ikachagua kuugua. Hoteli ilikuwa na harusi ya watu wa Nairobi, na watu wa Nairobi siku hizi hawatembei na noti, wanatembea na kadi. Stima iliporudi, taa ziliwaka, mafriji yakanguruma, lakini mashine za kadi za mkahawa na mapokezi zikabaki bubu. Mwenye harusi alimwambia meneja maneno ambayo si ya kurudiwa, na karamu ya Jumapili akaihamishia hoteli ya jirani.

Meneja, Madam Veronicah, alikuwa anatafuta mtu wa kumbebesha msiba huo. Jumatatu asubuhi Mwanapili alifika, akafungua laptopu yake, akatazama, na mbele ya wapishi wote akasema, “Huyu kijana ameichezea.” Veronicah alilidaka neno hilo likiwa bado hewani. Tobias akaambiwa arudishe funguo saa nane mchana, na Mwanapili akaambiwa saa nane hiyo hiyo alete ushahidi.

Mwanapili hakulisema bure neno hilo. Mwaka uliopita Tobias, kwa kutaka wageni waone sinema zao bila kukwama, aliingia kwenye swichi kimyakimya akaacha nusu ya hoteli haina mtandao. Tangu siku hiyo Mwanapili alimpiga marufuku. Jina likishachafuka mara moja, mara ya pili mtu hahitaji hata kukosa.

Sasa huyu Mwanapili ni nani hata meneja amwamini hivyo? Ni mtoto wa Alfani, mshona makuti wa Kinondo. Alipomaliza shule alipata kazi ya kupokea simu katika hoteli moja ya Diani, zama za simu za vyumba kuunganishwa kwa mkono. Simu za mkononi zikaja, kazi ile ikafa. Wenzake walirudi nyumbani kukaanga mahamri. Yeye alimfuata fundi wa nyaya akamwomba amshikie ngazi. Alishika ngazi mpaka akajua kilichoko juu yake, kisha akajiandikisha chuo Mombasa, kila jioni akivuka feri kwenda na kurudi, vitabu kwenye mfuko wa sokoni chini ya mchicha.

Watu walisema. Mwanamke ndani ya dari, buibui amelifunga kiunoni, suruali ndani yake, miguu inaning’inia juu ya meza za wageni. Walisema wakachoka. Mume wa kwanza alimwambia achague, dari au nyumba. Alichagua dari, na nyumba akaja kujijengea mwenyewe baadaye, ya mawe, yenye bati jekundu. Mume wa pili hajathubutu kuuliza swali hilo.

Leo kuanzia Tiwi hadi Msambweni, hoteli ikizimikiwa na mtandao, yeye ndiye anayepigiwa. Huwatibu wengine kwa simu tu, huku anakuna nazi. “Taa ya kijani inawaka au inakonyeza? Inakonyeza haraka au polepole? Usinijibu ‘nadhani’, mwanangu, inama uitazame.” Ana mdomo, hilo kila mtu anajua. Lakini akiondoka, kitu kinafanya kazi, na hajawahi kumwandikia mtu bei ya waya ambao hakuufunga. Waulize mafundi wengine wa Ukunda kama wanaweza kuapa hivyo.

Tena ana utaratibu wake, na huwasomesha vijana mpaka wauote usiku. Kwanza stima. Halafu waya. Halafu taa ya tundu la waya. Halafu njia. Ukianzia juu utapotea. Na juu ya yote, husema, kifaa kwanza, mtu baadaye: usimuulize binadamu jambo ambalo kifaa kinaweza kukujibu, kwa sababu kifaa hakina aibu.

Siku hiyo, kwa hasira, alianzia kwa mtu.

“Haya, toka mlangoni, unanizibia mwanga,” alimwambia Tobias. “Nitakuonyesha siku na saa uliyoingia humu.”

Tobias akaenda kukusanya vitu vyake. Mwanapili akavuta debe la mafuta akakaa, akachomeka waya wake kwenye swichi, akaanza kuiuliza maswali. Alitaka kumnasa, kwa hivyo aliuliza kwa makini kuliko siku zote.

Akaiuliza kwanza imekuwa macho tangu lini. Swichi ikajibu: tangu Jumamosi baada ya alasiri. Ni saa stima iliporudi. Akageuka akatazama chini ya kabati, kwenye ile betri inayotakiwa kuishikilia swichi stima ikipotea. Betri ilikuwa hai, lakini ni mzee anayeweza kusimama kwa dakika chache tu. Stima ikikatika kidogo, inavumilia. Ikikatika kutwa, inalala, na swichi inalala nayo.

Hapo kidole chake kilisita.

Swichi ina kumbukumbu mbili, na hili hata asiyesoma atalielewa. Moja ni ya kichwani: unachoiambia sasa, inakitii papo hapo. Ya pili ni ya kuhifadhiwa: ile inayoisoma kila inapoamka, ijue yenyewe ni nani na kazi yake ni ipi. Ukibadilisha jambo bila kuhifadhi, itakutii wiki, itakutii miezi, mpaka siku ilale. Ikiamka, haikujui.

Mwanapili huhifadhi. Ni kama mtu anavyofunga mlango. Husema alhamdulillahi, anahifadhi, ndipo anachomoa waya. Kwa sababu hiyo hata hakuwaza. Akaiuliza swichi swali la mwisho: mara ya mwisho kuhifadhiwa ilikuwa lini, na ni nani aliyehifadhi?

Swichi ikamwandikia mstari mmoja. Jina lilikuwa lake. Tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita.

Akaiuliza tena. Ikamjibu vile vile. Kama Tobias angeipangua na kuhifadhi, pangeandikwa jina la Tobias. Kama ile kazi ya kabla ya Ramadhani ingehifadhiwa, pangeandikwa tarehe ya mwezi wa Shaabani. Hapakuwa na jina la mtu mwingine wala tarehe nyingine. Kazi ile haikuhifadhiwa kamwe.

Ndipo alipoikumbuka siku yenyewe. Alikuwa amekaa pale pale, njia zote zimekwisha pangwa, mashine za kadi zimejaribiwa, na vidole viko juu ya laptopu, simu ikalia. Shangazi wa Mkwiro ameaga, maziko ni leo baada ya alasiri. Mtu akifa huku hangojwi, na shangazi huyo ndiye aliyemlea yeye, mama yake alipougua. Mwanapili alifunga laptopu, akachomoa waya, akatoka. Na aliyempakia kwenye pikipiki yake kumkimbiza hadi Shimoni kuwahi boti, vumbi lote lile, bila kuombwa, alikuwa ni Tobias.

Stoo ilikuwa na joto. Mpishi mmoja aliingia kuchukua chumvi, akamtazama usoni, akaondoka bila chumvi.

Sasa hapa ndipo mtu hupimwa. Ili mashine za kadi zifanye kazi, ilibidi azipange njia upya, kisha ahifadhi. Akihifadhi tu, mstari ule unafutika, unaandikwa mwingine wenye tarehe ya leo. Hakuna atakayejua. Ni kazi yake halali, ndiyo aliyoitiwa. Na mkataba wake wa mwaka ulikuwa mezani kwa Veronicah haujatiwa sahihi, na chini yake kulikuwa na ahadi ya kazi ya nyumba mpya za wageni upande wa Galu, kazi ambayo pesa zake alikuwa ameshazipangia bafu la binti yake Yusra. Angehifadhi, akaenda zake, na saa nane ingefika.

Alizipanga njia, moja baada ya moja. Kutoka mkahawani mashine ya kadi ikalia kwa furaha, wahudumu wakapiga vigelegele. Hakuhifadhi. Aliinuka, akaenda mpaka ofisi ya meneja akabisha.

“Madam, naomba uje stoo. Na Tobias aje.”

“Umepata ushahidi?”

“Nimepata.”

Walikuja. Mwanapili alisimama, akawaacha wasome wenyewe kwenye kioo, kisha akaeleza, kumbukumbu ya kichwani na ile ya kuhifadhiwa, kwa sauti ile ile aliyomshtakia Tobias asubuhi, wapishi wakisikia. Hakuipunguza hata kidogo.

“Kwa hivyo,” Veronicah alisema polepole, “aliyenipotezea ile harusi ni wewe.”

“Ni mimi. Na betri yako iliyochoka, lakini betri nilitakiwa niikague, kwa hivyo ni mimi tena.”

“Na huyu nilikuwa namfukuza kwa neno lako.”

“Kwa neno langu. Ndiyo maana nalirudisha mbele ya wale wale walionisikia. Mwachie funguo zake kwanza, halafu mimi na wewe tuzungumze.”

Veronicah si mtu wa kusamehe bure. Funguo alimwachia Tobias pale pale. Mkataba akautia sahihi, kwa sharti kwamba kila kazi ya Mwanapili ikaguliwe na Tobias kabla hajaondoka. Lakini kazi ya Galu akawapa watu wa Mombasa. Mwanapili akasema, “Haki yako,” na bafu la Yusra likangoja.

Akageuka kwa Tobias. “Nimekukosea, mwanangu. Niwie radhi.”

“Nimekuwia radhi, mama.”

“Ulijua?”

“Nilishuku. Si mimi niliyekupakia siku ile? Nilikuona ukifunga laptopu.”

“Sasa kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa unasema wewe.”

Wapishi walicheka, na Mwanapili hakuwazuia. Akakaa tena juu ya debe, akasema alhamdulillahi, akampisha Tobias kwenye laptopu.

“Hifadhi wewe. Jina lako liandikwe humo.”

Tobias aliinama akahifadhi, kisha akaiuliza swichi, na mstari ukaja na tarehe ya leo. Mwanapili akausoma mara mbili, ndipo akachomoa waya.

Alikuwa anakunja vitu vyake wakati Tobias alipotoka, akarudi na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na ile sahani, ya maua ya bluu, aliyopelekewa pilau ya Idi mwaka uliopita. Ilikuwa imejaa njugu za kukaanga.

“Wanawake wa jikoni waliniambia huku sahani hairudishwi tupu,” alisema. “Mimi kupika sijui. Kila nikitaka kuileta, naona sina cha kutia. Mwishowe nikamwambia mama yangu kule Homa Bay anitumie njugu kwa basi. Zimefika juzi, nikazikaanga mwenyewe.”

“Mwaka mzima, Tobias?”

“Nilikuwa nafikiria.”

Mwanapili alichukua njugu moja akaitafuna taratibu, kama anavyofanya akikagua kazi ya mwanafunzi.

“Hazina chumvi,” alisema, akachukua nyingine. Akazimimina zote ndani ya mkoba, juu ya nyaya na bisibisi, akaipangusa sahani kwa ncha ya mtandio na kuitia kwapani.