Zulia Lililofuliwa Baharini

Zulia lilishushwa kutoka kwenye gari la Mtwara likiwa limevingirishwa na kufungwa nailoni, na kabla dereva hajazima injini nusu ya mtaa ilikuwa imeshajua ni la nani. La Bi Zuleica! Watu wa Nuro wamemletea Bi Zuleica zulia! Wanawake walitoka jikoni na miko mikononi. Mmoja alipiga kigelegele kabla hata hajaliona, maana mwaka ule watu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walikuwa wamezoea kushangilia kwanza na kuuliza baadaye.

Ndivyo mji ulivyokuwa tangu iliposemwa kwamba chini ya bahari kuna gesi. Helikopta zilikatiza juu ya Ghuba ya Tungue, na watoto wakazikimbiza huku chini wakizipungia mikono. Mwenye nyumba ya udongo alipiga plasta. Mwenye plasta alimwaga sakafu ya saruji. Mwenye sakafu aliota zulia. Wengi walinunua vitu wasivyojua kuvitunza, na hilo ni kosa. Lakini furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, na si haki kuibeza furaha ya watu waliokaa muda mrefu bila ya kuletewa kitu.

Zuleica binti Buanali alikuwa fundi wa mikeka ya ukindu, na katika mtaa wake jina lake lilikuwa kipimo. Mama akimkaripia binti yake alisema, "Fagia kama kwa Zuleica." Watu walivua viatu barazani kwake bila ya kuambiwa. Yeye mwenyewe alilijua jina hilo, alilipenda, na alilichunga kuliko alivyochunga kuku wake. Basi na ieleweke mapema: kiburi cha usafi ni kiburi kama vingine.

Binti yake Rachida alikuwa anaolewa na Nuro, fundi wa mashine za boti huko Mocímboa da Praia. Na desturi ya familia zile ni kwamba kitu cha nyumba kitakacholetwa na upande wa bwana harusi hutandikwa siku ya nikaha, nao wenyewe hukikalia, shehe katikati. Hapo ndipo hutazama mkwe wao amekipokea vipi. Nikaha ilikuwa Ijumaa. Zulia lilikuwa jekundu, lenye maua ya rangi ya dhahabu, na manyoya yake marefu yalimeza vidole vya miguu.

"Wifi, hili ukilikanyaga unasinzia!" alisema Chamima, dada wa mume wake, akitembea juu yake kama kuku anayechagua pa kutagia.

"Shuka. Lina vumbi la njia nzima."

Kweli lilikuwa na vumbi, na doa la mafuta ya gari pembeni. Zuleica hakukubali binti yake aozeshwe juu ya vumbi. Akafanya alichofanya mama yake, na bibi yake kabla ya mama yake, kila mikeka ya maulidi ilipotakiwa kusafishwa: akalipeleka baharini. Bahari haina najisi, wazee walisema, na maji yake ni tohara. Wakalibeba yeye na Chamima, wakalilaza maji yalipofika magotini, wakalimwagia sabuni ya unga, omo, wakalikanyaga wakiimba nyimbo za harusi hadi povu likawazunguka. Kisha wakalianika juu ya mchanga. Jua lilikuwa kali. Jioni walilirudisha nyumbani jekundu kama pilipili mbivu, na Zuleica alilala na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi alipolikanyaga lilikuwa na unyevu.

Akalitoa juani. Mchana likakauka, hata likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Akaliingiza. Jioni likawa na unyevu tena, tena wa kunata, na kila lilipokunjwa lilitema mchanga. Siku iliyofuata ikaja harufu.

"Linanuka dema la samaki wa jana," alisema Chamima akiziba pua.

Wakafukiza udi. Wakafunga milango, moshi ukatanda, wakakohoa hadi machozi yakawatoka. Walipofungua, Chamima alinusa, akafikiri, akanusa tena.

"Sasa linanuka papa aliyealikwa harusini."

Zuleica hakucheka. Ilikuwa Jumatano. Kesho yake angefika Bi Cadija, shangazi wa Nuro, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana kutoka Mocímboa hadi ng'ambo ya Ruvuma. Na jina lile, fagia kama kwa Zuleica, lingegeuka kuwa nini?

Aliingia jikoni apike, mawazo yakiwa mbali. Akafunua kapu la ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Walikuwa wamelowa. Hakuna aliyewatia maji; ni hewa tu ya mwezi ule wa joto, nzito kabla ya mvua. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba ng'onda hulia mvua ikikaribia, kwa sababu chumvi huita maji. Zuleica alisimama na samaki mkononi. Kisha akalipiga paja lake kofi lililomshtua paka.

"Chumvi! Yarabi, zulia langu ni ng'onda!"

Alitoka mbio, na samaki yule bado mkononi, hadi nyumba ya pili kwa Amélia. Amélia alikuwa mtu wa bara, wa huko Mueda, Mkristo, mwanamke wa maneno machache. Alifanya usafi katika pensão, nyumba ya wageni walimolala watu wa gesi.

"Mana Zuleica, nani kafa?" aliuliza, kwa lile neno la Kireno la kumwita mtu dada.

"Hajafa mtu! Nyinyi kule kazini zulia mnalifuaje?"

"Kulifua zima sijafua. Tunalipiga vumbi, tunalifuta kwa kitambaa, basi." Akamtazama samaki. "Na huyo?"

Zuleica akamweleza, maneno yakigongana mdomoni. Amélia alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akamgusa samaki kwa kidole.

"Chumvi haitoki kwa jua, mana. Jua hutoa maji, chumvi hubaki. Chumvi hutoka kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, tena mengi. Hata ng'onda kabla ya kumpika si unamloweka?"

"Namloweka! Namloweka na maji namwaga!"

"Basi."

Lakini visima vya chini, karibu na pwani, vyote vina chumvi kidogo. Maji baridi hasa yalikuwa kisima cha juu. Jioni ile Zuleica alizunguka mtaa mzima akialika wanawake kama mtu anayealika ngoma, na Alhamisi asubuhi walipanda na kushuka na ndoo vichwani, wakitaniana njia nzima. Mtu yeyote angedhani harusi imeshaanza.

Chamima alimvuta Zuleica pembeni, nyuma ya jiko.

"Wifi, Bi Cadija akifika akalikuta hivi, tuseme Amélia ndiye aliyelifua."

"Amélia?"

"Mtu wa bara, zulia atalijulia wapi? Watu wataamini. Na hapa hana ukoo wa kumtetea."

Zuleica alijua jibu lililompasa. Alilijua kama alivyojua jina lake. Lakini alimwona Bi Cadija akivua viatu, akikunja pua. Akaokota ndoo, akaenda zake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Watu wengi hujitetea kwa kunyamaza namna hiyo, wakidhani wamebaki safi. Anayenyamaza mbele ya dhuluma ameisindikiza.

Kazi ilipamba moto. Katikati ya ua walisimamisha miti wakaunganisha chanja kubwa, kama ile ya kuanikia samaki, upande mmoja juu na mwingine chini. Kwanza walilining'iniza zulia na kulipiga mgongoni kwa fito za kuti, maana mchanga ukikutana na maji hushuka hadi mizizi ya manyoya na kukaa humo. Mchanga ukamiminika hata wakashangaa ufuko mzima ulivyoingia ndani ya kitu kimoja. Kisha wakalilaza juu ya chanja na kumwaga maji kutoka upande wa juu, ndoo baada ya ndoo. Amélia, aliyeomba ruhusa ya asubuhi kazini, alishika kifuu cha nazi na kuyasukuma maji kuelekea chini, akifuata ulalo wa manyoya, akikandamiza hadi maji yakatoka yamechafuka. Wengine wakaiga, kila mmoja na kifuu chake.

Na Zuleica alikuwa chini ya ukingo, amekinga kiganja, anaonja matone.

"Bado!" alipiga kelele. "Mwageni!"

Yakamwagwa. Akaonja.

"Bado kidogo! Mchuzi wake ungefaa kwa muhogo!"

Wanawake walicheka hadi mmoja akaangusha ndoo. Doa la mafuta Amélia alilipaka majivu makavu, akayaacha yanyonye, akayafuta. Jua likapanda. Maji yakaanza kutoka meupe. Zuleica akaonja tena, akafumba macho, wanawake wakaegemea ndoo zao kumsubiri.

"Matamu!"

Kigelegele kilichopigwa kilisikika hadi barabarani, na ndicho kilichomwelekeza Bi Cadija. Kilipokwisha, alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, mrefu, leso mpya mabegani, mfuko mkononi, akitazama zulia la kaka yake, baba wa Nuro, likiwa limelazwa juu ya chanja ya samaki, likichuruzika.

"Assalamu alaikum," alisema polepole. "Hili nalijua. Limefanywa nini?"

Wenye ndoo vichwani wakazitua.

"Nauliza. Zulia jipya linafuliwa kwa sababu gani?"

Chamima akajitokeza, sauti laini kama samli. "Karibu, mkwe wetu. Lilipata bahati mbaya. Tulimwachia huyu jirani, Amélia, alifue. Naye kwa kutojua akalitia maji ya bahari. Mtu wa bara, tena. Ndiyo tunalitengeneza."

Amélia alikuwa ameinama juu ya zulia, kifuu mkononi. Akainuka. Hakumtazama Chamima, wala Bi Cadija, alimtazama Zuleica. Mwanamke yule alikula kwa kusafisha vyumba na mazulia ya watu. Maneno kama hayo yangetembea hadi kwenye pensão kabla ya adhuhuri, na nani angempa tena zulia mkononi? Zuleica aliliona hilo lote usoni mwake. Bado angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza.

"Wifi, funga mdomo," alisema. "Bi Cadija, huyu hakuligusa. Nimelifua mimi."

"Wewe?"

"Mimi Zuleica. Nimelipeleka baharini kama mkeka, nikalianika mchangani, likaoza kwa chumvi. Yeye amekuja leo kunisaidia kuliponya. Na hili la kumsingizia nililisikia asubuhi nikanyamaza. Hilo ni baya kuliko la bahari."

Bi Cadija aliweka mfuko wake chini.

"Zulia la kaka yangu umelitia baharini."

"Nimelitia."

"Kwa mikono yako."

"Na miguu."

Mtu mmoja nyuma alifyatua kicheko akakimeza. Bi Cadija alilikaribia zulia, akainama, akalinusa, akaliminya pembe. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Mkwe," alisema, "sisi tumekuja kuoa au kununua papa?"

Ua mzima ulilipuka. Zuleica mwenyewe alicheka, machozi yakimtiririka, maana alikuwa amejiandaa kwa tusi na ameletewa utani. Bi Cadija alisubiri kelele zipungue, kisha akavua viatu na kupandisha leso yake magotini.

"Nipeni kifuu. Nyumbani kwangu lipo la kijani. Nililifulia pale bandarini, mwezi wa tatu huu. Msiniulize linanukaje. Wageni wakija nakaa nao ukumbini kwa dirisha wazi, nasema napenda upepo."

"La kwangu nimeliweka uvunguni!" alidakia mwanamke wa nyumba ya tatu.

"La mama mkwe tumemsingizia mbuzi!"

Yakamwagika yote. Kumbe Palma yote ilikuwa imefua mazulia yake baharini, na kila nyumba ikafukiza udi na kufunga mdomo, ikidhani iko peke yake. Aibu moja ilikuwa imegawanywa vipande vipande, kila mtu akificha chake.

Ijumaa zulia halikuwa limekauka. Walikuwa wameligeuza, mgongo juani ili wekundu usipauke, na upepo ulipita chini yake kwenye chanja; lakini Amélia alilaza shavu lake juu ya mgongo wa zulia, akatikisa kichwa. Likiingizwa na unyevu lingenuka upya. Basi shehe na wazee walikaa juu ya mikeka, na kila mgeni alipita mbele ya zulia lile lililolazwa chanjani uani, akauliza, na Zuleica akamjibu kila mmoja ukweli uleule. Mara ya kwanza aliusema akitazama chini. Baadaye alianza kuusimulia vizuri. Rachida akaozeshwa, nderemo zikapaa, na hakuna aliyekosa baraka kwa kukosa manyoya chini yake.

Jioni Zuleica alichukua sahani ya pilau, akaenda nyumba ya pili.

"Amélia, nilichelewa kusema."

"Ulichelewa, mana." Amélia aliipokea sahani, akaiweka mezani. Hakutabasamu upesi, na hakupaswa. "Niliona kama nimeshafukuzwa kazi. Lakini ulisema. Kaa, tule."

Hawajamaliza kula, pakawa na kishindo barazani. Chamima alikuwa amesimama nje, shingo imepinda kwa uzito, na juu ya kichwa chake zulia la buluu lililovingirishwa, ambalo hakuna mtu aliyejua kwamba analo. Harufu yake ilikuwa imemtangulia. Nyuma yake wanawake wengine watatu walikuja na yao, wakisukumana na kucheka. Chamima hakumtazama wifi yake. Alimtazama mwenye nyumba, akalamba midomo, na neno ambalo hajawahi kumwambia mtu wa bara likamtoka kwa shida.

"Hodi, mana Amélia. Nimekukosea. Na nina zulia."