Waziri wa Denmark kwenye Jiko la Wanepali

Asubuhi niliondoka mtaani kwangu Abu Hamour, huku Uarabuni, na kazi mbili: kumwendesha mama mmoja aliyekuwa waziri wa ajira huko Denmark, na kumtafutia kura rafiki yangu Okoth. Bosi alijua ile ya kwanza tu.

Okoth ni fundi bomba. Kampuni yao ilikuwa inachagua mwakilishi wa wafanyakazi jioni hiyo, naye aligombea kwa sababu ya basi la kazini. AC ilikufa kabla joto halijaanza, na wiki hiyo Mnepali mmoja alizimia ndani.

Hotelini, mgeni alitoka akiwa amebeba begi lake. Nikalishika, akalivuta. Tukapatana: mimi begi, yeye mlango.

Njiani kuelekea Industrial Area, alikotaka kuona makazi ya wafanyakazi, akaniuliza nanong'ona nini.

"Nahesabu kura, mama. Wakenya na Waganda wote wetu. Nimehesabu mara mbili."

"Na wengine?"

"Wanepali. Wametuzidi, lakini hao tumewaachia wenyewe."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanisimulia kwamba yeye alianzia kiwanda cha samaki, akagombea uwakilishi akitegemea wenzake wa zamu ya mchana. Zamu ya usiku ikamwangusha. Akaomba kuhamia usiku, akakata samaki nao msimu mzima, akapita. Kutoka hapo baraza la mji, kisha bunge, mwisho wizara.

"Kila uchaguzi nilianzia kwa wasionijua," akasema. "Rafiki yako ameanzia wapi?"

Tulipofika kambini, jibu lilikuwa mlangoni: Okoth anawagawia soda Wakenya.

"Okoth, unawahonga mashemeji zako?" nikamtania.

"Buda, kampeni bila soda ni matanga!"

"Jiko la Wanepali umefika?"

"Nikawaambie nini?"

Mama waziri akaingilia: "Usiwaambie. Waulize wanakaa wapi kwenye basi."

Tukaingia. Dengu zinachemka. Okoth akauliza kwa kile Kihindi cha saiti za ujenzi kinachotuunganisha sote. Prem, aliyekuwa zamu ya kupika, akajibu bila kugeuka: "Nyuma, bhai. Jengo letu huchukuliwa mwisho. Tunakaa juu ya injini."

Okoth hupanda wa kwanza, dirishani. Akatazama chini. "Kesho nakaa nyuma. Mmoja wenu aje mbele."

"Ukishinda?"

"Hata nikianguka."

Prem akageuka, akampakulia wali.

Jioni kura zilihesabiwa uani. Nilizihesabu tena kwa macho, maana sikuamini: Okoth aliwaacha wapinzani wake mbali. Wanepali walimbeba juu, Wakenya wakafuata wakiimba, na mama waziri, aliyetakiwa kwenye chakula cha jioni cha wakubwa, akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Siku ya kumrudisha uwanja wa ndege, Okoth akapiga simu kutoka kikao chake cha kwanza. "Wamekubali basi jipya! Wiki ijayo!"

Mama akainamia simu. "Mwakilishi, rudi ndani. Sema kesho."

"Mama, watakasirika."

"Wakasirike kwenye ofisi yenye AC."

Nimejadiliana bei tangu utotoni, siku hiyo nikaona fundi wa kupatana. Nikajifunza pia kwamba kura ulizo nazo hazihitaji kuhesabiwa mara mbili. Nenda kahesabu za watu ambao hujawahi kula kwao.

Kesho yake alfajiri basi jipya liliingia kambini. Lilianza kwa Wanepali. Okoth ananiambia baridi ya AC yake inauma mabega, na hakuna aliyekubali ipunguzwe.