Ripoti Yangu juu ya Kisima cha Hajiri

Barua ilinifikia Garissa katika mwaka wa tatu wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, ikiwa na vumbi hata ndani ya bahasha. Ililetwa na msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, kwa maana siku zile hapakuwa na gari lililothubutu kupita njia ile peke yake. Ilitoka kwa kamati ya vitabu ya kanisa letu, iliyokuwa ikikutana mahali pa baridi, mbali sana na mchanga wetu. Niliombwa kusoma kitabu kimoja cha ufafanuzi wa Mwanzo na kutamka kama kinafaa kufundishiwa waumini. Chini ya maneno yaliyopigwa kwa taipu palikuwa na mstari mmoja wa mkono: kitabu kikionekana hakifai, mwinjilisti wetu, ambaye hufundisha kwa hicho, ataondolewa, na kibali chake cha kuhubiri kitafutwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na msomaji wa kanisa, mtu wa pwani, mjukuu wa watu waliobatizwa zamani, niliyelelewa katikati ya vitabu. Kamati haikunichagua kwa upole wangu. Ilijua kwamba sikuwahi kumpa mtoto alama asiyoistahili, na kwamba mafundisho mabaya huniuma kama kijiti jichoni.

Kanisa letu lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa serikali. Waliokaa humo Jumapili walikuwa polisi, askari jela, makarani na wauguzi, sote wageni katika mji wa wafugaji na wafanyabiashara Waislamu ambao lugha yao wachache wetu tulijisumbua kujifunza. Mwinjilisti alikuwa Mkamba aliyekuwa seremala kabla ya kuitwa. Madawati tuliyokalia alikuwa ameyachonga mwenyewe, na alipohubiri alikuwa na mazoea ya kupitisha kiganja juu ya mimbari kana kwamba anatafuta mahali palipobaki bila kupigwa randa. Mke wake na watoto walikuwa nyumbani kwao Ukambani, wakiishi kwa posho ndogo aliyopewa na kanisa. Kibali kile ndicho kilichokuwa jembe lake.

Kitabu alipewa na mjane wa mchungaji mmoja. Aliyekiandika alikuwa mmisionari mzee aliyeishi miaka mingi na wafugaji wa nchi kavu, kisha akakosana na waliomtuma. Nilipata kusikia kwamba wapo waliomwita mzushi, na wapo waliosema hawajasoma mtu aliyeielewa hema ya Ibrahimu kama yeye.

Ugomvi ulianza Jumapili moja mwinjilisti aliposoma habari za Hajiri kufukuzwa na mwanawe, akafuata kitabu chake na kusema kwamba Mungu alimbariki Ishmaeli naye, na baraka ile haijafutwa. Sajini mmoja wa polisi akasimama katikati ya ibada. Wiki ile alikuwa amemzika mwenzake aliyeviziwa kwenye njia ya Wajir.

"Mwinjilisti, ngoja kidogo," alisema. "Juzi nimetia udongo juu ya rafiki yangu. Leo unaniambia waliomuua wamebarikiwa?"

"Sajini, sikuwataja waliomuua. Nimemtaja mtoto wa Hajiri."

"Na hawa shifta ni watoto wa nani? Wa shangazi yako?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu waliochoka. Mwinjilisti akaupitisha mkono juu ya mimbari, akafunga kitabu. Sajini akaiandikia kamati, na kamati ikaniandikia mimi.

Nilisoma kwa majuma matatu, kila alasiri baada ya watoto kutawanyika, ndani ya darasa lililokuwa na joto la tanuri, kwa sababu amri ya kutotoka nje ilitufungia nyumbani kabla giza halijaingia. Nilisoma kama nilivyosahihisha siku zote. Kila aya aliyoitaja mwandishi niliifungua katika Biblia na kuilinganisha. Makosa niliyaandika kwanza, kwa wino mwekundu, katika karatasi za mbele. Sifa zilingoja karatasi za nyuma, kwa wino mweusi. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, wala sikupata kujiuliza kwa nini.

Makosa makubwa yalikuwa matatu. La kwanza, mwandishi alisema kisima alichokiona Hajiri jangwani hakikuumbwa saa ile. Kilikuwepo tangu awali, kimefunikwa, na rehema ya Mungu ilikuwa kumwonyesha tu. Hapo niliandika, kwa herufi kubwa: ANAKANA MUUJIZA. La pili, alisema Ibrahimu alitenda dhambi kumfukuza mjakazi wake, ilhali Maandiko yanaonyesha Mungu alimwambia amsikilize Sara. La tatu, aliipanua baraka ya Ishmaeli hata ule mpaka kati yake na agano la Isaka haukuonekana tena. Mawili haya ya mwisho ningali nayaona kuwa makosa hadi leo, na sitayabembeleza.

Lakini lile la kwanza lilinishinda usiku wa mawazo na mchana wa kazi, kwa sababu mwandishi hakuandika kama mtu anayebisha. Aliandika kama mtu aliyekwisha kukanyaga mahali penyewe.

Shule yetu ilikuwa na mlinzi, mzee aliyetoka pande za Elwak, aliyekuwa na ngamia wengi kabla ya vita. Walipokusanywa watu kukaa ndani ya ua wa kulindwa, ngamia wake hawakukusanywa pamoja naye, naye akaishia kulinda madawati na kutujazia mapipa ya maji. Alasiri moja alinikuta nimeinamia kitabu, akaketi kizingitini.

"Maalim, hii kitabu imekufanyia nini? Kila siku unaitobolea macho."

Nikamweleza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ni habari za Hajiri na maji.

"Mama Hajar!" Akakaa vizuri. "Huyo ni mama yetu. Sisi tunasema malaika alibiga chini, maji ikatoka. Kitabu yako inasema nini?"

"Inasema kisima kilikuwapo zamani. Kimefunikwa. Hakukiona."

Nilidhani atakasirika. Akachora duara mchangani kwa fimbo.

"Sisi hatusemi hifyo," alisema. "Lakini huyo mtu ya kitabu amekaa na ngamia. Kisima ya kwetu mgeni habana ona. Unaweka miti juu yake, unaweka ngozi, unaweka mchanga. Mgeni anabita juu yake, anakufa hatua kumi mbele. Mimi mwenyewe nimefunika yangu, siku ile walituhamisha. Nimefunika fizuri sana."

"Na mwenye kiu akifika?"

"Kama mwenyewe iko, anamfungulia. Mgeni anakunywa kwanza, maalim. Akishakunywa, ndiyo unamuuliza yeye ni mtoto ya nani, anatoka wabi, anataka nini. Huwezi kuuliza mtu maneno na mdomo yake imekauka."

Alikwenda zake kuyaangalia mapipa. Nami nikaelewa nilichokuwa nimeandika. Mwandishi hakukana muujiza. Alijua kwamba katika nchi kama ile, kuonyeshwa kisima ni kupewa uhai, na kwamba mtu aweza kufa juu ya maji asiyoyajua. Mimi, niliyezaliwa karibu na bomba la maji, nilimhukumu kwa ujinga wangu na kuuita imani.

Hapa yapasa niseme sawasawa nilichofanya, kwa maana kila kilichofuata kilitokana nacho. Nilipaswa kuichana karatasi ya kwanza na kuiandika upya. Sikufanya hivyo. Karatasi zilikuwa haba, ni kweli, na msafara ulikuwa uondoke asubuhi ya pili, hilo nalo ni kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine: nilichukia ripoti yenye mikwaruzo, na katika usahihishaji wangu wino mwekundu haufutwi. Kwa hiyo niliacha mashtaka matatu mahali pake, kwa mwandiko mzuri, na katika ukurasa wa tano, kwa wino mweusi, nikaandika kwamba shtaka la kwanza naliondoa; kwamba nililitoa kwa kutoijua nchi; kwamba kitabu kinafaa kutumiwa, msomaji akionywa juu ya yale mawili; na kwamba mwinjilisti asiguswe. Nikafunga bahasha nikiwa na moyo mtulivu wa mtu aliyetenda haki.

Jibu lilikuja baada ya misafara miwili. Kamati ilinishukuru kwa uangalifu wangu. Ukurasa wa kwanza, waliandika, uliwatosha, na wajumbe hawakuona haja ya kuendelea, hasa walipoona kwamba mwandishi anakana miujiza. Kitabu kikusanywe. Mwinjilisti aondoke na lori la kwanza litakalopata nafasi.

Niliandika barua nyingine siku ileile, nikiwasihi wafungue ukurasa wa tano. Haikujibiwa. Huenda haikufika, njia ile ilimeza mambo makubwa kuliko barua.

Mwinjilisti nilimkuta akifunga vyombo vyake vya useremala katika gunia. Nilimsomea barua yote, kwa kuwa nilimwona ana haki ya kuisikia kwa sauti yangu.

"Wewe ulisema nakana miujiza, mwalimu?"

"Nilisema mwandishi anaikana. Kisha nikaondoa neno hilo."

"Uliliondolea wapi?"

"Ukurasa wa tano."

"Ukurasa wa tano," alirudia, kama fundi anayeambiwa kipimo asichokiamini. Akalizungushia gunia kamba, akakaza fundo. "Sisi mafundi tukikata ubao vibaya, mwalimu, hatuandiki barua kuueleza. Tunautupa, tunakata mwingine."

Hakusema hilo kwa hasira, na laiti angekasirika. Alinipa kitabu nikikusanye kama nilivyoagizwa, akanipa mkono. Asubuhi alipanda lori kati ya magunia na askari, akavuka daraja la Tana, akarudi kwa mke na watoto bila kazi ya kuwapelekea. Nilisikia baadaye kwamba alirejea kwenye randa na msumeno. Sikumwandikia. Kila nilipoanza, niliona naanza na udhuru.

Mlinzi aliniuliza rafiki yangu amekwenda wapi. Nilimweleza mpango wangu wote: makosa mbele, sifa nyuma. Akaweka ndoo yake chini.

"Kwa hifyo ulimuuliza maneno yote," alisema, "halafu ndiyo ukamfungulia kisima."

Nilisema ndiyo.

"Wallahi, maalim," akasema, akainua ndoo yake.

Kwa kuwa hapakuwa na mwinjilisti, kamati iliniagiza nihubiri mimi mpaka apatikane mwingine. Jumapili ya kwanza nilisimama nyuma ya mimbari aliyoichonga yeye, nikafungua habari ileile ya Hajiri, kwa maana niliona ni woga kuikwepa. Kitabu kilikuwa kimefungiwa kabatini mwangu. Nilihubiri juu ya kisima kilichofunikwa. Nilieleza miti, ngozi na mchanga. Nilieleza mtu anayekufa hatua kumi mbele ya maji. Nilisema rehema ya Mungu mara nyingi ni kufumbuliwa macho, kwa kuwa maji tayari yapo. Sikumtaja mwandishi. Sikumtaja mwinjilisti, wala mzee wa Elwak, ambaye wakati ule alikuwa akijaza mapipa upande wa pili wa ua. Baraka ya Ishmaeli niliiruka, ingawa Maandiko yenyewe yanaitamka kabla ya mtu yeyote kuifafanua.

Watu walipotoka, sajini alinisubiri mlangoni, kofia yake kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakuyaficha.

"Leo tumekula, mwalimu," alisema. "Haya ndiyo mafundisho. Si kama yale ya yule bwana na kitabu chake."

Neno lilikuwa mdomoni mwangu: ni yaleyale. Lilikuwa fupi, na lingegharimu utulivu wa Jumapili moja. Nilikuwa nimechoka kwa misafara, kwa barua, kwa maziko na kwa sauti yangu mwenyewe. Nilimshika mkono, nikamwambia asante, sajini, nikarudi ndani kufunga madirisha.