Mtama wa buluu wa Nelius na magunia saba ya Njoka

“Kuvu ulimwaga wewe, Mama Misheck. Tulikuona na macho yetu. Sasa kuvu imeingia kwangu, halafu unakuja kuniambia nizike hii mahindi?”

Ni saa kumi na mbili jioni, nje kidogo ya soko la Ishiara. Mzee Njoka anasema hayo akiwa upande wake wa ua wa minyaa. Upande wa pili amesimama Nelius Wanjugu, mjane wa miaka hamsini na mmoja, ndoo tupu mkononi, buti za mpira zimejaa udongo. Wapita njia wamepunguza mwendo. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni ameutua kabisa, maana ugomvi wa namna hii hausikilizwi vizuri ukiwa na mzigo kichwani.

Nelius hapandishi sauti. Anamkumbusha jirani yake kwamba shamba lake halikumwagiwa chochote msimu uliopita. Njoka mwenyewe ndiye aliyemfukuza, tena kwa kumwachilia mbwa.

“Nilifukuza mchawi wa mtama,” anasema Njoka, na mama wa kuni anacheka akitazama pembeni.

Mtama huo ndio kazi ya Nelius. Ni punje zilizokaangwa zisiote, zikapakwa kuvu isiyo na sumu na rangi ya buluu. Wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, yeye huingia shambani na ndoo na kurusha punje mstari kwa mstari, kilo nne kwa ekari. Kikundi cha wakulima humlipa shilingi mia tano kwa kila ekari. Msimu mzuri humpa ekari arobaini. Mbaya haumfikishi hata kumi. Sokoni wanamwita Mama Kuvu, na si wote wanaolitaja jina hilo kwa upendo.

Adui yake ni kuvu nyingine, ile inayotia mahindi sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo haina ladha, na moto wa jikoni hauiui.

“Shamba ni kama nyumba yenye sherehe,” anasema Nelius. “Viti vikishakaliwa na watu wako, mgeni mbaya akiingia atakaa wapi? Hii yangu haiumi mtu. Inakalia nafasi, basi.”

Lakini haiponyi mahindi yaliyokwisha kuharibika. Hapo ndipo watu humchukia.

Ukitaka kujua kwa nini hachoki kuchukiwa, rudi nyuma miaka kumi na minne. Mwaka huo njaa ilibisha kila mlango, na wezi walikuwa wakivuna mashamba ya watu usiku. Mumewe, Ngari, akaona heri avune mapema kuliko akose kabisa. Mahindi yalikuwa bado na maji. Aliyatia kwenye magunia ya plastiki na kuyapanga chini ya kitanda.

Yalipoanza kunuka waliyaosha, wakayaanika, kisha wakayakoboa kwenye kinu. Harufu ikaisha. Hakuna aliyewaambia kwamba harufu na sumu ni vitu viwili.

Ngari alianza kwa kukataa chakula. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Alifia hospitalini. Binti yao wa miaka sita akamfuata kabla turubai ya matanga haijakunjwa. Misheck, kifungua mimba, alipona kwa sababu alikuwa shule ya bweni. Sasa ni fundi wa mabomba mjini Embu, anaishi mtaa wa Dallas, na kila mwezi humsihi mama yake ahamie huko.

Kijiji, kama ilivyo kawaida ya vijiji, kilipata jibu kabla ya maabara. Kilisema mke kawatilia kitu. Majibu ya vipimo, kwamba sumu ilikuwa kwenye mahindi, yalipokuja miezi mingi baadaye, wasemaji walikuwa wameshachoka kusema, na hakuna aliyerudi kufuta maneno yake.

“Tulilala juu ya hiyo mahindi,” anasema Nelius. “Tulikuwa tunaichunga isiibwe.”

Ndiyo maana habari ya Njoka ilimtoa jasho. Mwezi wa Agosti, Njoka naye alivuna mapema kwa kuogopa wezi, akaficha magunia chumbani. Juma lililopita aliyapeleka sokoni. Mnunuzi akasaga kiganja kimoja, akachanganya na dawa, akachovya kipande cha karatasi. Sumu ilikuwa mara kumi na mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Magunia saba yakarudi nyumbani.

Na nyumbani hakuna kingine. Mzee analea wajukuu wanne, watoto wa mwanawe Ndambiri, na mavuno mengine ni Februari.

“Wewe uliwahi kumwambia mtoto analia njaa kwamba chakula kiko, lakini tumezika?” anauliza Njoka.

Nelius anatazama moshi unaotoka jikoni kwa jirani yake, kisha anauliza kwa sauti ya chini ni mahindi gani yanachemka mle.

Anayejibu ni mke wa Njoka, Karambu, aliyetoka jikoni na mjukuu mgongoni. Ni githeri, mahindi ya magunia yale yale na maharagwe kidogo. Wamekula hiyo tangu Jumapili.

“Lakini nimeosha mara tatu,” anasema Karambu.

Nelius anatua ndoo.

“Hata mimi niliosha, Mama Ndambiri.”

Hakuna anayecheka sasa. Mama wa kuni anajitwika mzigo wake na kuondoka bila kuaga. Nelius anapita kwenye mwanya wa ua, anamshika mtoto kidevu na kumgeuza kwenye mwanga, anamtazama macho. Yanaonekana meupe, ila jua linazama na yeye hajiamini. Anamwambia Karambu kwamba kesho asubuhi watoto wote wapelekwe hospitali, atawasindikiza.

Karambu anaingia jikoni, anaiepua sufuria.

Kwa Nelius kuna magunia matatu safi. Tumbo lake moja yangelitosha hadi Februari na kubaki. Kwa matumbo saba, anajua hayafiki.

“Yataisha,” anasema. “Yakiisha tutalala njaa pamoja. Njaa naijua. Mtu anakonda, lakini anaamka.”

Mpango wake ni mfupi. Wakitoka hospitali ataingia shamba la Njoka na ndoo yake, maana mahindi ya msimu huu hayajatoa maua na bado kuna siku chache. Hatadai malipo. Kinachobaki ni mwenye shamba akubali, na mwenye shamba bado amesimama uani, mikono nyuma.

Siku ya matanga ya Ngari, Njoka aliirudisha sahani yake ikiwa imejaa, na tangu hapo hajawahi kuonja chakula cha mwanamke huyu. Wajukuu wake wameshavuka mwanya. Karambu naye amevuka.

Nelius anageuka mlangoni kwake.

“Baba Ndambiri, tutagombana tukishiba. Ingia ule.”